Siku Mama Bucha Alipouza Shamba

Walimwita Mama Bucha kwa sababu pale sokoni ndiye mwanamke pekee aliyesimama nyuma ya gogo la nyama akapasua mifupa kwa shoka. Mwaka wa kwanza wanaume walimcheka. Wa pili wakawa wateja wake. Kwa nyama hiyo alinunua shamba nje ya mji, kwa jasho lake, na mumewe enzi za uhai wake hakuona haya kuwaambia watu, "Mimi hapa mkaribishwa tu." Walilima, wakajenga, wakamsomesha binti yao mmoja. Mume akafariki. Magoti ya mjane yakaanza kumgomea.

Kisima kilikuwa bondeni. Ndoo aliyokuwa akiipandisha huku akiimba ikageuka adhabu. Siku moja aliteleza, akalala kwenye tope mpaka mpita njia alipomwokota. Binti alikuja mbio.

"Mama, uza shamba, uje tukae wote. Hospitali ipo karibu."

"Nikae kwako nifanye nini? Nihesabu magari?"

"Heri uhesabu magari, mama, kuliko sisi tukuhesabie siku."

Mama Bucha akanuna, lakini akakubali.

Hapo ndipo shemeji yake alipochachamaa. Mdogo huyu wa marehemu aliishi upande wa pili wa ua, na kila msimu alisogeza matuta yake kidogo ndani ya shamba la mjane. Alikuwa akilisubiri kama fisi anayesubiri mkono wa binadamu uanguke.

"Shemeji, ardhi ya kaka yangu haiuzwi," alisema, kidole usoni kwa mama mtu mzima.

"Kaka yako alikuja na begi la nguo, shemeji. Shamba alilikuta."

Mnunuzi wa kwanza alipigwa mawe, akakimbia akivuja damu kichwani. Wa pili alimkuta mbwa wa Mama Bucha ananing'inia langoni, koo limekatwa. Hakushuka hata kwenye pikipiki. Kisha migomba yote ikafyekwa. Mjane alijikokota kwa mwenyekiti wa kijiji kushtaki. "Hayo mambo ya familia," aliambiwa. "Kayamalizeni nyumbani."

Wa tatu alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu mfupi mwenye kitambi na maneno mengi. Walikuwa wakikagua mpaka, jua la mchana likiwaka, yeye akieleza atakakojenga banda la kuku, shemeji alipotoka kwenye mahindi na panga. Hakusalimu. Pigo lililenga shingo. Dereva akainua mkono, na panga likazama kwenye mfupa kwa mlio ambao Mama Bucha aliusikia kazini maisha yake yote.

Shemeji alikuwa bado analivuta panga ili apige tena. Jembe lilikuwa limeegemezwa kwenye ua wa mpaka. Bibi wa watu akasahau magoti. Alimshushia shemeji mgongo wa jembe begani, mfupa ukalia, mwanamume akaanguka. Akampiga gotini.

"Mbwa wangu! Migomba yangu! Jasho langu!"

"Shemeji, nakufa!"

"Kufa!"

Aliliinua tena jembe, sasa juu ya kichwa. Mwanamume yule alijikunyata kwenye mavumbi, mikono usoni.

"Mama, acha!" dereva alipiga kelele. "Nifunge mkono, damu inaisha!"

Sauti hiyo ndiyo iliyomrudisha. Alilitupa jembe, akavua kilemba, akaufunga mkono wa dereva kwa nguvu zote.

Shemeji alihukumiwa kifungo, akaingia gerezani akichechemea. Lakini shamba likapata sifa mbaya. Madalali walilikwepa kama nyumba yenye ndui. Binti alikuwa amekata tamaa kabisa pikipiki iliposimama langoni, akashuka dereva, vidole viwili havikunjiki.

"Nimekuja tumalize mazungumzo, mama."

"Baba, huogopi?" Mama Bucha alimuuliza.

"Naogopa sana. Lakini nikinunua kwingine, si nitakuwa nimekatwa bure?"

Walicheka mpaka Mama Bucha akalia. Aliuza kila kitu isipokuwa kipande chenye kaburi la mumewe, na dereva akaapa kutolilima hata ukingo wake.

Siku ya kuhama, mke wa shemeji alikuja bila kuitwa. Walifunga vyombo pamoja, kila mmoja akimkwepa mwenzake macho.

"Dada," alisema hatimaye, "akitoka hatatembea sawasawa tena."

"Ashukuru atatoka. Mimi nilikuwa namuua."

Mama Bucha alilisema hilo taratibu, na lilimtisha mwenyewe kuliko msikilizaji. Mke wa shemeji alijitwisha godoro, akalipeleka garini, akarudi kumshika mkono ili apande.