Ukurasa Nilioishia

Jumamosi tarehe 19 Julai, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nikipanga viti katika ukumbi wa parokia tunamokutana na wasichana wa mzunguko wa usomaji wakati wa likizo kuu, na lau ningeendelea kupanga viti tu, nisiguse kitu kingine chochote, leo ningekuwa napita mtaa wa Lumumba nikiwa nimeinua uso. Sasa napita upande wa pili wa barabara. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, ambaye shahada yake ya ualimu imetundikwa sebuleni ndani ya fremu, anamkimbia fundi seremala! Naieleza aibu hii mwenyewe kabla hamjaipata kwa wengine, maana nimesikia inavyosimuliwa sokoni, na huko sokoni wigi langu limeshaanguka hadi chini, jambo ambalo si kweli: liliinama tu.

Wasichana wangu wanapenda riwaya za vijana zinazotoka ng'ambo, zile ambamo msichana anakwenda pwani wakati wa kiangazi, anampenda mvulana mwenye nywele zilizoloa, anagombana na rafiki yake wa chanda na pete, na ifikapo sura ya mwisho amekuwa mtu mzima. Mwishoni mwa mwaka wa shule niliwaambia (kwa majivuno, nakiri) kwamba sisi hatuna kiangazi hicho, likizo yetu ni ya mvua na matope mekundu yanayovua watu viatu, basi na waandike mapenzi ya matope. Waandike kwa nafsi ya kwanza, nikasema, mpaka msomaji aamini kwamba yamewakuta wao wenyewe. Tena waandike kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa, ili mama zao nao wayaelewe.

Mama zao waliyaelewa.

Chini ya kiti kilicho karibu na dirisha nilikuta daftari, kaye kama tunavyosema huku, lililofunikwa kwa karatasi ya gazeti, bila jina wala kichwa. Kiti kile hukaliwa na Solange, msichana wa miaka kumi na saba anayelelewa na shangazi yake tangu familia ilipokimbia vita katika vijiji vya Djugu, na ambaye mwaka ujao anamaliza sekondari na kufanya mtihani wa taifa. Hadithi zilipaswa kuletwa Jumamosi iliyofuata, juu ya karatasi za kukunja, kwa hiyo nilijiambia kwamba daftari hili haliwezi kuwa hadithi. Nikalifungua ili nijue la nani, ingawa nilijua kabisa la nani.

Lilisema "mimi". Lilitaja Lumumba, lilitaja karakana ya mbao iliyopakana na nyumba ya shangazi, lilimtaja Héritier, mwana wa fundi, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye nimepata kumwona akibeba milango kichwani. Nilisoma nikiwa nimesimama, kurasa kumi, kumi na tano, mpaka nikafika juu ya ukurasa mmoja: "Leo nimejua kwamba siko peke yangu ndani ya mwili wangu." Nikalifunga kama mtu aliyeungua vidole. Hapo ndipo nilipoishia, na hilo mlikumbuke, kwa sababu mambo yote yalitokana na hapo nilipoishia.

Solange mwenyewe angefika saa nane mchana. Ningeweza kumngoja, nikamkalisha, nikamuuliza. Lakini nimelelewa vizuri mno: mambo ya tumbo la msichana hupitia kwa shangazi, si kwa mama, si kwa baba, sembuse kwa msichana mwenyewe, na nikiwa na daftari mkononi nilijiona mwenye hekima kupita kiasi. Nikampigia simu Mama Bahati, dada mkubwa wa baba yake, yule shangazi anayemlea, nikamwambia nilichokisoma.

"Imeandikwa?" akauliza.

"Imeandikwa, Mama."

"Na biki?"

"Na biki ya bluu."

"Basi."

Msimcheke. Mama huyu amepitia miaka ambayo karatasi ndiyo iliyoamua nani anakula na nani anarudi mikono mitupu. Jina likiwa kwenye orodha ya msaada upo, lisipokuwepo hupo, hata ukisimama pale ukilia. Kwake kilichoandikwa kwa kalamu kimekwisha kutokea. Saa nane ilipofika Solange hakuja. Rafiki yake Neema, ambaye hukaa kiti cha pili na hajawahi kutengana naye, alikuja peke yake, akaangalia chini ya kile kiti, akaangalia tena, akaniuliza kama nimeona kaye. Nikasema (Mungu anisamehe) kwamba sijaona.

Kesho yake, baada ya ibada, Mama Bahati alinijia mlangoni mwa kanisa na wanawake wengine watano, wote wamevaa kikwembe cha aina moja, na nilipoona kile kikwembe cha aina moja nilijua neno limeshakatwa, kwa sababu wanawake wa ukoo hawavai sare kwa ajili ya mazungumzo. Katikati yao alikuwa Solange, kichwa chini, na valizi ya nguo zake mkononi. Mmoja alibeba sufuria, mwingine mkeka mpya.

"Mama, kwanza tumuulize mtoto," nikasema, "tufike hospitali..."

"Hospitali iko, haitakimbia. Madame, weye njo ulisoma, weye njo utasema. Siye tutakaa tu."

Labda kwenu ni tofauti, kwa hiyo nieleze. Kwetu msichana akipata mimba, mashangazi humsindikiza mpaka kwa kijana, humkalisha kwenye kiti mbele ya mlango, huweka mizigo yake kando, na wakiondoka bila yeye, amekwisha kuwa mke wa pale. Hakuna karamu wala hakuna kurudi. Wakiondoka bila Solange, mwaka wake wa mwisho wa shule ungekuwa umekwisha kabla haujaanza. Nilitembea nyuma yao nikilikumbatia lile daftari, na watu waliotoka kanisani wakatembea nyuma yangu.

Papa Héritier, yule fundi, alikuwa anakula. Alitoka akifuta mikono, akatuangalia, akaangalia sufuria.

"Karibuni, bamama. Kuna nini na valizi?"

"Tumekuletea mutu yako," Mama Bahati akasema, huku akimkalisha Solange kwenye kiti.

"Mutu yangu? Mi niliagiza mutu?"

"Uliza kijana yako."

Héritier alitokea nyuma ya baba yake, tonge la bugali bado shavuni. "Mi? Na Solange? Papa, hata jambo hatuyasemana!"

"Bote banasemaka vile," mmoja wa mashangazi akajibu. "Mimba haingojake jambo."

Uwanja ulicheka, kisha ukanyamaza, kwa sababu mama yake Héritier alikuwa ameketi ghafla juu ya rundo la mbao na kushika kifua. Nikasukumwa mbele. Solange aliniangalia kwa mara ya kwanza, akaliona daftari, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyekamatwa. Yalikuwa ya mtu aliyeibiwa. Niliyaona, na bado nikafungua, kwa sababu watu hamsini walikuwa wakingoja na mimi ni mwalimu.

Nikasoma ule mstari wa mwili. Wanawake wakaguna. "Endelea," akasema Papa Héritier, na mimi, ambaye sikujua kinachofuata, nikaendelea kwa ile sauti yangu ya darasani:

"Nani nimwambie? Nilimwambia Madame peke yake. Madame wetu ana wigi linalolala upande wa kushoto kama mtu aliyechoka na ibada, na akisoma hufumba jicho moja..."

Nilikuwa nimefumba jicho moja. Kicheko kilichopasuka kiliwatoa kuku chini ya meza ya karakana, nami nikapeleka mkono kichwani kulinyoosha wigi, nikalisukuma likaenda kulia, ikawa vibaya zaidi. Sikuweza kusimama hapo. Nikasoma mbele ili nikiepuke kile kicheko:

"...lakini ukimpa neno, analiweka. Hakuniuliza kitu. Aliniambia: Nenda nyumbani, mwanangu, haya yataishia hapa."

Kicheko kilikatika. Mama Bahati alisimama polepole.

"Kumbe alikuambia. Ulijua zamani, Madame! Ulificha, halafu unanipigia simu kama mutakatifu!"

"Sikuambiwa!"

"Iko imeandikwa!"

"Imeandikwa, lakini si kweli! Naapa mbele ya Mungu, mtoto huyu hajawahi kuniambia hata neno moja!"

Wale mashangazi walinizunguka, na nakuambieni, niliogopa. Mmoja alinishika mkono wa blauzi. Hapo yule fundi, mtu ambaye maisha yake yote anapima mbao kabla ya kuzikata, akainua kiganja chake.

"Ngojeni. Ngojeni, bamama. Hii kaye, kama inasema uongo juu ya Madame, juu ya mutoto yangu itasema kweli namna gani?"

Nusu ya uwanja ilitingisha kichwa kumkubali, nusu nyingine ikasema anamtetea mwanawe tu, lazima baba aseme hivyo. Mama Bahati hakuwa amekaa. Ndipo Neema alipojipenyeza katikati ya watu, matope mpaka magotini, anahema.

"Ni roman! Papa, ni roman, kama zile tunasomaka ku parokia! Madame, geuza. Geuza ukurasa tu, bataona!"

"Hapana," akasema Solange. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. "Madame, usigeuze."

Naomba mnielewe nilivyosimama pale. Nisipogeuza, wataondoka na kumwacha kwenye kiti. Nikigeuza, kuna kitu humo ambacho msichana huyu yuko tayari kuachwa kwenye kiti ili kisisomwe. Aliniomba mimi, yule mtu ambaye ukimpa neno analiweka.

Niligeuza.

"Mwanangu alipotimiza miaka sita nilimpeleka shule kwa mara ya kwanza, na njiani tukapita kwenye karakana..."

"Miaka sita?" sauti ikauliza nyuma. "Na Solange iko na ngapi?"

Papa Héritier ndiye aliyeanza kucheka, akainama, akashika magoti. Kisha wakacheka mashangazi, wakipigana viganja, hata Mama Bahati, machozi yakimtoka, mkono wake umeshuka juu ya bega la Solange. Ilikuwa imekwisha. Valizi ingerudi nyumbani. Ningenyamaza hapo, jamani, ningenyamaza tu! Lakini mdomo ulikuwa umeshika kasi kwa furaha ya kuokoka, na ukamaliza sentensi:

"...Héritier alikuwa bado anapiga chafya mara tatu kila akikata mbao ya libuyu, si mbili, si nne, na nikatambua kwamba miaka yote ile hicho ndicho nilichokuwa nikikisikiliza, kutoka upande wa pili wa ukuta."

"Tatu," akasema mama yake Héritier kwa sauti ndogo kutoka kwenye rundo la mbao. "Kweli. Ni tatu."

Basi kicheko kikabadilika. Watu wakamgeukia Héritier, ambaye masikio yake yalikuwa yamewaka, kisha wakamgeukia Solange, na kila mtu akaelewa kwamba ndani ya kitabu chote cha uongo kulikuwa na kitu kimoja cha kweli, na kwamba sasa ni mali ya uwanja mzima.

Solange akasimama. Akachukua valizi mwenyewe.

"Juu ya nini ulinyamaza, mutoto wangu?" Mama Bahati akamuuliza.

"Muliniuliza, Tantine? Mulisema tu: funga valizi."

Nilimnyooshea daftari. Alilitazama, halafu akanitazama mimi. "Ubaki nayo, Madame," akasema. "Umeshaianza."

Juma lile, kila alipokwenda bombani kuchota maji, vijana walipiga chafya. Mara tatu. Baada ya siku nane Mama Bahati alimpeleka mji wa Aru kwa mjomba wake mpaka shule zifunguliwe, ili midomo ipoe. Neema anakuja kwenye mzunguko, anaketi, hasomi. Aliniambia mara moja tu, akiangalia dirisha, kwamba yeye ndiye aliyesema geuza. Nikamwambia kwamba yeye alisema, lakini mkono ulikuwa wangu. Tangu hapo nimeapa kwamba daftari nitakaloliokota nitaliweka juu ya meza, lifungwe, limngoje mwenyewe, na kwamba swali la kwanza nitampelekea yule anayehusika, hata kama adabu yote niliyofundishwa inataka nizunguke. Ni kiapo chepesi. Kigumu kilikuwa barua, ambayo nilianza kuiandika mara nne na kuipeleka katikati ya Agosti, pamoja na daftari, kwa mkono wa mama mmoja mfanyabiashara anayekwenda Aru. Niliandika hivi:

"Solange mwanangu,

Siku ile Neema alipotafuta kaye yako chini ya kiti, nilimwambia sijaiona. Nilikuwa nayo ndani ya mkoba. Nakuambia kwa sababu hakuna mwingine anayelijua hilo, na ni lazima mtu mmoja alijue, awe wewe.

Nilikufundisha kuandika mpaka msomaji aamini. Uliandika, nikaamini, nikakuadhibu kwa hilo. Kosa halikuwa katika sentensi zako. Sijapata mwanafunzi aliyeandika vile, na sisemi ili unisamehe.

Nakurudishia kaye. Nimesoma hadi pale uliponisikia nikisoma, basi. Kurasa zilizobaki nimezishona ukingoni kwa uzi mweupe, jioni ya Jumapili ileile, kabla sijabadilisha mawazo. Uukate mwenyewe. Angalia vizuri mafundo: ni saba, na hakuna lililofunguliwa. Wigi nimelivua, lakini yule Madame uliyemwandika bado namtafuta, na mafundo hayo saba ndiyo ninayoweza kukuonyesha kwa sasa."