Kushuka Wang'uru na Jeti ya Nyeri

"Mimi sina fundi, sina timu, sina mjomba Nairobi! Niko na hii mikono mbili tu! Mlima yote nimeipita peke yangu, na huko taifa wajipange!"

Benter Wandera aliyasema hayo kwenye maikrofoni mjini Nyeri, mwezi wa sita, siku aliyoshinda raundi ya pili ya mashindano ya gokati ya ukanda wa Mlima Kenya. Watu kama mia mbili walipiga makofi. Nusu yao walikuwa wamefuata mutura, yale matumbo ya kujazwa na kuchomwa, lakini makofi ni makofi. Spika siku hiyo zilikuwa nzuri, jambo ambalo si kawaida Nyeri, na sauti ilifika vizuri mpaka nyuma ya pikapu, ambako Theuri alikuwa amechutama akipangusa mnyororo wa gokati kwa kitambaa.

Sasa, gokati kwa asiyeijua ni kigari cha chuma kitupu, magurudumu manne madogo, kiti kimoja, hakina paa wala mlango. Ukikaa, makalio yako yako kiganja kimoja juu ya lami. Ya Benter ilisukumwa na injini ya pampu ya maji, ndugu wa zile zinazonyunyizia nyanya huko Mwea. Na kitu hicho kinavyoonekana kidogo, ni kizito kama gunia la mahindi lenye kinyongo. Hakiinuliki na mtu mmoja. Lazima mmoja ashike mbele, mmoja nyuma, mhesabu tatu, mkipandishe kwenye pikapu. Nyuma ndiko kwenye injini, uzito na moto, kwa hiyo kati ya madereva wa Mlima swali la kwanza ukifika uwanjani si jina lako. Ni "mtu wako wa nyuma ni nani?"

Mtu wa nyuma wa Benter alikuwa Theuri, kwa miaka mitano.

Alipoteremka jukwaani na kikombe chake cha bati, Theuri alikuwa tayari amesimama mahali pake. Walihesabu, wakainua, wakafunga kamba. Kisha Theuri akajifuta mikono, kidole baada ya kidole.

"Haya, Benta."

"Haya, Baba Nyawira. Tukutane Jumamosi?"

"Tutaona."

Mtu wa Mukurweini akikwambia tutaona, ameshaona. Theuri alipanda gari la kwenda kwao Gakindu akiwa na koti lake la kijivu, na ndani ya mfuko wa koti kopo la dawa ya viatu, kama kawaida yake.

Ukweli ni kwamba Benter hakuwa na mwingine. Alizaliwa kwenye nyumba za polisi mjini Nyeri, binti ya Sajini Wandera aliyehamishwa kutoka Busia. Sajini alipostaafu alirudi kwao na kabati, kuku na mama. Benter, ambaye Busia aliijua kwa mazishi tu, alibaki. Alikuwa na miaka thelathini na moja, akiuza vipuri katika duka karibu na stendi. Kikuyu alikizungumza vizuri kuliko watoto wengi wa mji, lakini akimsalimia mtu kwa Kikuyu, alijibiwa kwa Kiswahili. Majirani walimwita Mjaluo. Miaka ya kwanza aliwaeleza kwamba yeye ni Msamia, Msamia ni Mluhya, na Mluhya si Mjaluo. Walimsikiliza vizuri sana, wakamwita Mjaluo. Mwishowe akaitika.

Theuri alimpata dukani. Alikuwa amekuja kutafuta gasketi ya mashine ya kumenya kahawa, wakabishana nusu saa kuhusu saizi, na Theuri akashindwa. Wiki iliyofuata alirudi na mche wa mchicha kwenye gazeti, akauliza kama ni kweli kile chuma cha nyuma ya duka ni gari. Benter alikuwa amekinunua kutoka kwa tajiri mmoja wa Nairobi ambaye mtoto wake alikua, na hakikuwa na injini. Theuri akaleta injini. Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi walikuwa nje ya mji kwenye kipande cha lami kisichoenda popote, Benter akizunguka, Theuri akisikiliza huku amefumba macho kama mtu anayesali, halafu akinyanyua mkono: simama. Hapo alifungua kabureta, akachezacheza, akafunga. Benter hakuuliza. Aliona ni mambo ya wazee, kama kugonga redio.

Wiki mbili zikapita. Simu zote mbili zilikuwa na salio na mtandao ulikuwa mzuri, na hakuna iliyolia. Benter alisema moyoni, akitaka atapiga. Huko Gakindu bila shaka kuna mtu alisema hivyo hivyo.

Alijifunza kuinua bila mtu. Aliisimamisha gokati wima, nyuma ikiwa chini, kama toroli, akaegemeza kwenye ubao, akasukuma kwa bega. Petroli ilimwagika kwenye viatu. Dukani wateja walinusa hewa na kuuliza kama siku hizi wanauza mafuta pia.

Raundi ya mwisho ilikuwa Wang'uru, Mwea. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: wawili wa juu baada ya raundi tatu wangeenda taifa, Nairobi, Jumapili ya pili ya Agosti. Nanyuki alikuwa wa pili, Nyeri wa kwanza. Wang'uru alihitaji nafasi ya sita tu kati ya magari tisa. Nafasi ya sita hata bibi wa kanisa angeipata, mradi afike.

Asubuhi ya mashindano aliamka, akaiwasha gokati pale nje kwenye baridi ya Nyeri, ikaimba vizuri, akaizima. Dereva wa pikapu ya kukodi akamsaidia kuinua huku akilalamikia mgongo. Wakashuka. Karatina akavua sweta. Sagana akafungua dirisha. Masikio yakaziba, yakazibuka. Kwenye mashamba ya mpunga alikuwa amebaki na fulana, na dereva alikuwa amefungua vifungo vyote vinavyofunguka mbele za watu. Kila kitu ndani ya gari kilijua kimeshuka mlima, isipokuwa gokati.

Uwanja ulikuwa sakafu ya saruji ya kukaushia mpunga, kubwa kama viwanja viwili vya mpira, imezungushiwa matairi. Pumba zilikuwa zinapepea hewani na kuingia puani. Kambi ya Njoka, kijana wa upande wa Embu aliyeshinda kule Nanyuki, ilikuwa na hema, mama yake, wajomba wanne na sufuria ya wali ambayo ingemaliza njaa ya tarafa. Benter aliegesha kando, akakaa juu ya tairi, akala ndizi.

Karani akapita na karatasi. "Mtu wako wa nyuma?"

"Andika dereva wa pikapu."

"Jina?"

Benter hakulijua. Alilazimika kwenda kumuuliza, na dereva alikuwa amelala.

Bendera ikashuka. Na hapo, jamani, kwa raundi kumi kati ya kumi na tano za uwanja Benter aliendesha kama alivyosema. Gokati ilikuwa nyepesi, kali, ina hasira ambayo hajawahi kuiona. Kona ya tatu akampita Njoka kwa ndani huku pumba zikiruka kama vumbi la harusi. Mtangazaji akaanza kupasuka koo. Ndani ya helmeti Benter alikuwa anacheka kwa sauti. Kumbe ni kweli, alijiambia. Kumbe hata sikuwa nadanganya.

Raundi ya kumi na moja injini ilitoa sauti nyembamba, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, ikakwama. Magurudumu ya nyuma yakajifunga. Gokati ikazunguka mara moja, taratibu, ikasimama katikati ya njia ikitazama ilikotoka. Zilikuwa zimebaki raundi nne.

Sheria ya Mlima ni kwamba gari likikufa, dereva na mtu wake wa nyuma waliondoe. Benter alishuka, akashika nyuma bila kufikiri, akaungua kiganja. Akashika mbele. Mbele ikainuka, nyuma ikabaki imekaa. Wengine wakampita kushoto na kulia, raundi baada ya raundi, naye ameinama kama mtu anayeng'oa kisiki. Dereva wa pikapu alikuwa bado amelala.

Wajomba wawili wa Njoka wakaruka matairi.

"Madam Peke Yangu," mmoja akasema, "tukusaidie, ama tutaharibia wewe rekodi?"

"Inueni tu."

"Ati nini? Hatusikii, hatuna maikrofoni."

"Inueni, tafadhali."

Wakainua. Hawakuwa watu wabaya. Baadaye mama ya Njoka alimletea sahani ya wali na nyama mbili juu, naye akala yote, kwa sababu njaa haina aibu, kisha akashindwa aiache wapi sahani. Akaiosha na kuirudisha hemani. Walikuwa wanapiga picha na kikombe. Aliiweka chini mlangoni.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akaifungua injini, akaitia kwenye mfuko wa mbolea na kwenda nayo Gakindu.

Theuri alikuwa nyuma ya nyumba akinoa shoka. Aliitazama ile injini bila kuigusa, akachomoa plagi, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa nyeupe kama chaki.

"Ulishuka na jeti ya Nyeri."

"Jeti gani?"

Theuri akaingia ndani, akarudi na kopo la dawa ya viatu. Alilifungua juu ya goti. Ndani mlikuwa na vipande vya shaba vidogo kama punje za mahindi, kila kimoja na tundu la kupitishia petroli katikati, kimefungwa kwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: Nanyuki. Nyeri. Wang'uru.

"Huku juu hewa ni nyepesi, unaipatia petroli kidogo," alisema. "Ukishuka, hewa ni nzito. Inataka petroli mingi. Usipoipatia itakimbia sana, sana, utafurahi. Halafu itajichoma."

"Lakini mwaka juzi tulienda Wang'uru na hatukubadilisha kitu."

"Nilibadilisha. Ulikuwa unaandikisha jina."

Mama Nyawira alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vya chai. Alikuwa mwanamke asiyeweka neno akiba. "Na hiyo Jumamosi ya Wang'uru alikuwa amevaa," alisema. "Saa kumi na moja asubuhi, koti, viatu, kofia. Nikamwambia piga simu. Akasema nitapigiwa. Akakaa hapo kwa ngazi mpaka saa tano, kama mtu anangoja kuoa."

"Wacha hiyo stori," Theuri akasema.

"Siwachi."

Benter alikishika kikombe kwa mkono usioungua. Njia nzima kutoka Nyeri alikuwa amepanga maneno, na yalikuwa maneno mazuri, yenye kichwa na miguu. Kilichotoka ni hiki: "Pale Nyeri, ile nilisema... ilikuwa ya maikrofoni tu, Baba Nyawira. Watu walikuwa wanapenda."

"Nilisikia."

"Sikumaanisha wewe."

"Eeh. Hukunimaanisha." Alilifunga kopo, akalizungusha kifuniko mpaka kikalia. "Injini nitakutengenezea. Pistoni mpya, nipatie wiki mbili. Lakini kuinua, madam, tafuta mtu mwingine."

Miaka mitano alikuwa Benta. Alingoja kidogo labda jina lake litafuata. Mama Nyawira akaingia ndani na chai iliyobaki. Shoka likarudi kwenye jiwe.

"Basi wacha," Benter akasema. "Usiitengeneze."

Aliibeba injini kwenye mfuko wa mbolea mpaka barabarani. Hiyo angalau iliinulika na mtu mmoja.

Alijaribu, asije mtu akasema hakujaribu. Aliweka tangazo kwenye kundi la simu la madereva: natafuta mtu wa nyuma, msimu ujao, chakula juu yangu. Vidole gumba saba, vicheko vinne, na mtu mmoja akauliza ni chakula gani. Alimwomba kijana wa dukani, Nderitu, naye akasema Jumamosi yuko na mpira, Jumapili yuko na kanisa, na kati ya hapo yuko na msichana. Alimpigia baba yake Busia. Sajini alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hicho kigari bado unacho? Na bwana je?"

Mwezi wa saba mwishoni alikuja kuinunua gokati mtu wa hoteli moja ya Nanyuki, inayopokea watalii na wanajeshi wa kigeni wakiwa mapumzikoni. Walikuwa wanaweka kiwanja cha michezo cha wageni. Injini hakuitaka, wangeweka yao ndogo isiyozidi mwendo wa punda. Alitaka fremu, kiti na usukani. Alikuja na wanaume wawili, wakaipakia kabla Benter hajamaliza kufunga duka.

Jumapili ya pili ya Agosti, Njoka na mwenzake wa Nanyuki walikuwa Nairobi kwenye taifa. Kundi la simu lilikuwa linalia kama kuku anayetaga: picha, video, wajomba. Benter alilinyamazisha. Alifua nguo, akaanika, akaenda ibada ya kwanza na akatoka kabla ya matangazo. Kisha akajikuta Nanyuki, amevaa nguo za kanisani, kwenye lango la hoteli.

Gokati ilikuwa imepakwa rangi ya waridi na kuandikwa jina la hoteli ubavuni. Mzungu mmoja mwenye nywele za kijeshi alikuwa akizunguka nayo kati ya maua, magoti yamefika masikioni, akipiga kona zote kwa makosa. Benter alisimama kwenye kamba akiangalia. Kila alipofika kona ya pili, mguu wa Benter ulibonyeza nyasi.

Msichana wa tiketi, aliyekuwa na beji iliyoandikwa Ntinyari, alikuja na kitabu chake cha risiti.

"Karibu, dada. Unangojea mtoto?"

"Hapana."

"Ni wewe unataka kuendesha?"

"Ni pesa ngapi?"

"Raundi tano ni mia nane."

Benter akafungua mkoba wake wa kanisani, akaanza kuhesabu.