Chuma cha Kulisha Mboga

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye mgodi wa shaba, na nyumba tuliyokaa, mtaa wa Kapata, ilikuwa ya kampuni. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi. Yeye mwenyewe Kasai hakuwahi kuiona. Mimi ni wa hapahapa Katanga, upande wa kaskazini. Tulipooana, ndugu wa pande zote mbili walinuna, kisha wakaja kula harusi.

Chakula kilipoanza kuwa shida mjini, alijenga tangi la simenti nyuma ya nyumba, akafuga tilapia. Juu yake aliinua mapipa yaliyokatwa nusu, akayatoboa chini na kuyajaza changarawe. Asubuhi na jioni tulichota maji ya samaki kwa ndoo, tukayamwaga juu ya changarawe. Yalipita kwenye mizizi ya mboga na kudondokea tena tangini. Udongo hatukuweka hata kidogo. Majirani walicheka: mboga gani itaota mu majiwe? Lengalenga, mchicha wetu, likaota, wakaja kuomba mbegu.

Tomati ndizo zilitusumbua. Majani machanga yalitoka ya njano, mishipa tu ikabaki kijani. Mume wangu alimwita monitere, mwalimu wa kilimo, mzee mpole kutoka misheni. Aligeuza jani, akalitazama juani.

"Mavi ya samaki inakomalisha majani, lakini haina fer, ile chuma, ya kutosha," alisema. "Mutaongeza ninyi wenyewe."

Mume wangu akacheka. "Tata, mi kazi yangu njo fer! Nitupe misumari mu maji?"

"Misumari itaoza polepole sana, mboga itakufa na njaa."

Alituachia kopo la unga wa chuma unaoyeyuka majini. Tulitia kijiko kidogo kwenye ndoo, na majani mapya yakatoka kijani. Kwa ajili ya matunda tuliongeza maji ya majivu, tuliyoyaloweka na kuchuja. Hapo mimi ndiye niliyekuwa mwangalizi, maana majivu yakizidi samaki wanakufa. Mume wangu alizuia shaba isikaribie tangi, hata kipande cha waya. Mji mzima tulikula kwa shaba, na kwa samaki shaba ni sumu.

Halafu maneno yakaanza. Watu wa Kasai warudi kwao. Kwanza yalisemwa mikutanoni, kisha sokoni, kisha vijana wakaja kupiga mawe mabati yetu. Mume wangu alikataa kutoka hadi siku walipochoma nyumba ya mjomba wake.

"Banasema niende kwetu," aliniambia huku akifunga godoro. "Kwetu ni wapi? Mi nilizaliwa hapa."

Yeye na mama yake walikwenda stesheni kungojea treni ya Kasai, pamoja na familia nyingine nyingi, chini ya mahema ya plastiki. Nilikuwa na mimba kubwa. Nilitaka kwenda nao, mamamkwe akanikatalia.

"Mu ile mabehewa mutu hawezi kuzalia, mwanangu. Uzae kwanza. Utatufuata."

Kila mchana niliwapelekea bukari, ugali wa kwetu, na tilapia. Mume wangu alikuwa akikonda, lakini swali lake la kwanza lilikuwa la tomati.

"Fer ingaliko?"

"Inabakia kidogo."

"Basi weka kwa tomati tu. Lengalenga itajisaidia."

Siku moja nilifika na sahani nikakuta mahema yamelala chini. Treni ilikuwa imeondoka asubuhi. Mama mmoja mwenye watoto wawili, aliyekosa nafasi, alikuwa amekaa juu ya mizigo yake. Nikampa chakula.

Nilizaa mtoto wa kike. Alikuwa bado hajashika shingo wakati mfanyakazi mmoja wa reli alipokuja mlangoni, akavua kofia. Mamamkwe ndiye aliyemtuma. Mume wangu alishikwa na kuhara njiani, ndani ya behewa, akafa kabla ya kufika. Walimzika kando ya reli, treni iliposimama. Jina la mahali mamamkwe hakulijua.

Unga wa chuma ulikuwa umekwisha. Monitere naye alikuwa mtu wa Kasai, alikwisha kuondoka. Tomati zikarudia unjano wao, nami nikaendelea kumwaga maji kwa sababu mikono ilitaka kazi.

Kampuni ilipoitaka nyumba yake, kaka yangu alikuja kutoka Tenke kunichukua. Nilitoa maji tangini, nikawaita majirani waje na mabeseni kuchukua samaki. Alikuja pia mama mmoja ambaye mwanawe nilimwona kati ya wale vijana wa mawe. Alisimama mbali, beseni amelificha mgongoni.

"Mama, pole," alisema.

Nilichukua beseni, nikamtilia tilapia, nikamrudishia. Alilia. Mimi nilimfunga mtoto mgongoni, na kaka yangu akanibebea sufuria hadi barabarani.