Mota Isiyoshindana na Mkono

Tangu Pichaimuthu afunge karakana yake ya mtaa wa Ganapathy, ubavuni mwa nyumba, binti yake Kuyili huamka kabla ya saa moja na kusubiri mngurumo usiokuja. Kwa miaka thelathini baba yake aliianza siku kwa kuijaribu mota aliyoisuka upya nyaya zake za shaba jana yake: iliguna, ikashika kasi, vyombo vya jikoni vikatetemeka. Sasa Kuyili anasikia kunguru tu, na jirani akikwangua sufuria.

Coimbatore, kusini mwa India, ni mji wa mota, na mota njema kwa watu wake ni ile inayovuta maji futi mia nane chini ya mwamba bila kulalamika. Za namna hiyo ndizo alizozisuka Pichaimuthu, na wakulima walimletea kutoka mbali zile zilizoungua. Mota dhaifu aliiita mgeni wa msibani: imekuja, inakula, haibebi kitu.

Kuyili alizaliwa haoni. Kazi yake ilikuwa kuchanganya sauti katika studio ya Bwana Devasahayam, iliyorekodi nyimbo za kanisa na za hekalu bila ubaguzi. Siku moja Devasahayam akanunua meza kuukuu ya kuchanganyia sauti, yenye vitelezi ishirini na vinne, vile vishikio vya kupandisha na kushusha sauti. Zamani vilijisogeza vyenyewe, vikirudi pale mkono ulipoviacha mara ya mwisho. Sasa mota zake zote zilikuwa zimekufa, na kiwango cha kila sauti kilionyeshwa na taa ndogo tu. Alimwambia Kuyili kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha, kwamba sikukuu ya mavuno ya Pongal ikifika na meza haijamkubali, itabidi yeye atafute mtu wa kuzisoma taa hizo kwa macho.

Pichaimuthu akasema hilo dogo. Akafunga mota zenye gia kwenye vitelezi vinne vya kwanza. Vilipanda kama askari gwarideni. Kuyili akaviwekea vidole, akasikiliza wimbo, akataka kuipunguza ngoma. Kitelezi kikagoma. Akasukuma, ukucha ukavunjika.

"Unaona ilivyo na nguvu?" baba akasema.

"Baba, sitaki inishinde. Nataka iniambie iko wapi, halafu na mimi niiambie naitaka wapi."

 Kuyili akahisi mkono wake ukishikwa, na kidole kikavu kikiupapasa ule ukucha.

Kesho yake Pichaimuthu akaenda soko la Ukkadam, kwa Bagyam, mwanamke muuza vyuma chakavu, kutafuta kitu ambacho hajawahi kukitafuta: mota dhaifu. Isiwe na gia. Iwe nyepesi ndani. Ijue kusukuma, na ijue kuachia mkono unapokuja. Taabu ilikuwa vidole vyake. Shaba na moto vilikuwa vimevigeuza gome. Kila mota aliyoizungusha aliiona laini, na kila alipofika nyumbani Kuyili aliizungusha na kukuta inakwama-kwama, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Akarudisha mfuko wa kwanza, akarudisha wa pili.

Mara ya tatu akaibana mota kwenye mdomo wake wa chini, akakizungusha kijiti chake polepole, macho ameyafumba. Hapo akazihisi zile ngazi. Soko zima likamtazama.

"Mzee," Bagyam akamwuliza, "mkeo hata miaka sita hajamaliza kaburini, umeshaanza kubusu vyuma?"

"Hivi angalau havinijibu," akasema, akachukua nyingine.

Alizipata ishirini na nne, nyingi kutoka redio za kaseti zilizokufa, akazifunga kwa mikanda myembamba. Siku mbili kabla ya Pongal, Kuyili aliweka vidole juu ya meza. Vitelezi vikapanda chini yake taratibu, kama kifua cha mtoto aliyelala. Akaisukuma ngoma chini. Ikashuka, ikatulia pale pale. Devasahayam akausikiliza wimbo mpaka mwisho, akamwuliza tu Jumatatu ataingia saa ngapi.

Njiani kurudi nyumbani baba na binti walishikana mikono.

"Ni dhaifu kwelikweli," Pichaimuthu akasema.

"Dhaifu mno, baba."

Baadaye magoti yalimshinda Pichaimuthu, akaifunga karakana. Sasa anaishi mji wa Pollachi kwa dada yake, nyumba ya pili kutoka kiwanda cha kamba za nazi, kinachowasha mota zake kabla ya saa moja.