Saksofoni Iliyosuguliwa kwa Jivu

Saksofoni ya bwana yangu ni ya zamani kuliko mimi, na mimi si mtoto. Alipewa na mzungu wa misioni kule kwetu Kivu ya Kusini, na tulipokimbia vita akaifunga mgongoni kwa kitenge changu. Sufuria tuliziacha. Jua la asubuhi likiipiga, utafikiri ina moto ndani. Si manjano ya kelele kama hizi za madukani. Imepakwa dhahabu, na imetulia, kama mawese yanayoanza kuyeyuka. Kwenye mdomo wake mpana wamechora maua madogo madogo. Siku hizi nani ana uvumilivu huo?

Bwana yangu alikufa hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, Uganda. Sasa mjukuu wangu wa kike ndiye anaipiga kwenye fanfari, bendi ya tarumbeta ya kanisa, na hakuna anayempita. Nalisema hilo mbele ya mtu yeyote.

Kanisani kwetu, kabla ya sikukuu ya mavuno, wamama husugua kila kitu cha chuma kwa jivu na limau: sahani za sadaka, tarumbeta, mpaka kengele. Mwaka huu walimaliza tarumbeta, wakaona saksofoni kwenye benchi, nayo wakaisugua, kwa mapendo yote. Nilipofika, ubavu mmoja wa mdomo ulikuwa mweupe.

"Tate, bibi yangu, walikudanganya," mjukuu akaniambia huku analia. "Si dhahabu, ni rangi tu. Jumapili siipigi, watanicheka. Tuibadilishe na mpya."

Mama mmoja, jivu bado liko vidoleni, akadakia, "Pole, mama. Lakini dhahabu gani inatoka kwa limau?"

"Wewe nawa mikono," nikamjibu.

Kesho yake tukaenda Mbarara, duka moja la vyombo vya muziki mtaa wa Nyamityobora. Mwenye duka aliishika kwa vidole viwili.

"Mama, hii imekwisha. Bati tu. Lakini nakuhurumia, chukua hii mupya, niachie hiyo."

"Apige kwanza zote mbili."

Mpya ililia kama mbuzi aliyefungiwa nyumbani. Kisha mtoto akapiga yetu. Mwenye bodaboda mlangoni akazima pikipiki yake asikilize.

"Basi naongeza na spika," mwenye duka akasema. Nikaichukua yetu mikononi mwa mtoto. "Na mkoba wake."

"Bati unaliongezea spika?"

Nimeuza samaki miaka mingi. Mtu anayetukana kitu huku anaongeza bei, huyo namfahamu.

Nikaigeuza saksofoni, nikamwonyesha mjukuu fasi, pale kidole gumba kinapokaa. Babu yake alipashika mpaka dhahabu ikalika, na hapo pia ni peupe, weupe ule ule. Alinionyesha mwenyewe akiwa mzima: fundi wa zamani alitandika kwanza fedha, ile nyeupe ya pete, ndipo akaweka dhahabu juu. Nani anatandika fedha chini ya rangi?

Mtoto akaweka kidole chake pale, akacheka. "Kumbe kazi ya babu ya maisha yote, wamama wameifanya kwa asubuhi moja!"

"Na hawatairudia. Ifunge, twende."

Jumapili alipiga, ubavu mweupe akiugeuza kwa watu makusudi. Mimi nilikaa benchi ya mbele, kitambaa laini cha kuifutia mapajani. Ibada ilipoisha, yule mama wa limau akaja polepole, akaniomba aishike kidogo tu.

"Nawa kwanza," nikamwambia.

Akaenda kunawa.