Bibi Mwenye Ua Katika Duka la Salim

Juzi nilimwona tena kwenye simu ya binti yangu: bibi wa kifalme wa India ya kale katika mchoro, uso umegeukia upande, lulu shingoni, ua moja kati ya vidole.

Utotoni mwangu picha hiyo ilikuwa imetundikwa katika duka la Bwana Salim pale Muhuru Bay, kando ya ziwa, juu ya magunia ya mchele. Ndani palinukia udi, nje samaki wadogo wa omena wakikauka. Kwetu, picha ya mtu mmoja kwenye fremu ilikuwa ya marehemu. Nikamwambia nyanya kwamba Bwana Salim amefiwa na mama yake.

Nyanya alijifunga leso, akabeba kuku, tukaenda.

"Tumesikia habari ya mama. Pole sana."

Bwana Salim aliitazama picha, akanitazama mimi, kisha akazima redio.

"Alifariki Lamu, nikiwa huku," alisema polepole. "Sikuwahi kumzika. Miaka yote hii, hapa hakuna aliyenipa pole."

Akamvutia nyanya kiti. Wakakaa, kuku akikwaruza sakafu.

"Alikuwa mrembo," nyanya akasema, macho ukutani.

"Sana," akajibu Bwana Salim, bila kuinua kichwa.