Liva Mbili Ukweni Susuni

Aibu nyingine mtu unaificha mpaka kaburini, lakini hii yangu ilishuhudiwa na ukoo mzima pamoja na katekista, kwa hiyo kuificha ni kujisumbua, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa shemeji yangu Mwita, maana yule anaongeza chumvi.

Nina pikapu kuukuu ninayobebea mahindi kutoka Machochwe kuja kuuza Tarime, na Mwita tangu niolewe ana wimbo mmoja tu, kwamba mwanamke akishika usukani ng'ombe wanakauka maziwa. Gari lilikuwa na liva moja fupi pembeni ya gia, ya kuunganisha magurudumu ya mbele na kuingiza gia nzito ya mlimani. Fundi wangu mjini akasema anaweza kuitenganisha ziwe liva mbili, moja ya magurudumu ya mbele, nyingine ya gia nzito, ila itabidi atoe kipini fulani ndani ya boksi la gia kinachozuia dereva asizichanganye ovyo. Nikakubali. (Kwa ajili ya milima, nilimwambia mume wangu. Uongo mtupu. Nilitaka Mwita azione.)

"Ila mama, nisikilize," fundi akasema, "ukiziacha zote mbili katikati, injini na magurudumu havijuani tena. Hata ukiegesha na gia namba moja, gari litaondoka. Tumia handibreki."

Nikaitikia kama mtu anayesikiliza mahubiri huku anawaza chakula. Handibreki yangu ilikufa zamani, nilikuwa naegesha na gia tu.

Jumapili ya kipaimara cha binti wa Mwita nikafika Susuni kwa baba mkwe, nikaegesha upande wa juu wa uwanja, pua ya gari ikitazama chini kwenye turubai la wageni. Nikamwita Mwita, nikakanyaga breki, nikaweka liva zote mbili katikati, nikapiga resi mpaka moshi ukawafikia wapishi. "Unaona? Linanguruma na haliendi popote!"

"Hata ng'ombe mgonjwa anafanya hivyo," akasema Mwita, watu wakacheka, nikakasirika, nikazima, nikatia gia namba moja kama kawaida yangu, nikashuka kwa madaha.

Sasa, kwetu Wakurya mkamwana na baba mkwe hawakaribiani, hata shikamoo yake naitoa nikiwa mbali, nimeinama. Kwa hiyo mzee alisubiri niondoke, ndipo akaenda kuziona hizo liva kwa heshima zake, akaingia upande wa abiria, mlango akauacha wazi. Uzito wake ukalitikisa gari, nalo likaanza kuteremka, taratibu, bila sauti, kama mtu anayetoroka ibada.

"Mura, mzee anaondoka!" mtu akawapigia vijana kelele. Mwita, bingwa wa usukani, akaruka juu ya benchi. Mimi nikakimbia, nikajirusha kwenye ule mlango ulio wazi, nikaangukia mapajani mwa baba mkwe, nikapiga mbizi kupita magoti yake mpaka kwenye breki, nikaikandamiza kwa mikono yote miwili, kichwa chini, miguu inaning'inia nje, kitenge sijui kilikuwa wapi. Gari likasimama likiwa limejivika turubai kama bibi harusi.

Nikasikia sauti ya mzee juu ya mgongo wangu, ya upole kabisa: "Mkamwana, sasa nani atoke kwanza?"

Hakuna aliyeweza kutoka! Nikiachia breki tunakwenda. Tukakaa hivyohivyo mpaka wakaleta mawe ya kuzuia matairi, na waliyatafuta bila haraka, kila mtu alitaka kuona kwanza.

Wazee wakafanya kikao palepale, wakajadili goti langu liligusa wapi, na mbuzi wa kuondoa mkosi awe wa rangi gani. Hakuna aliyeuliza kama nimeumia, wala aliyesema kwamba bila goti hilo wangekuwa wanajadili mazishi. Aliyechangia kuliko wote ni Mwita.

Handibreki nimeitengeneza. Na nimeapa, sitamwonyesha tena shemeji kitu cha kumkomoa kabla sijakielewa mwenyewe. Nikienda Susuni naegesha barabarani kwenye tambarare, namalizia kwa miguu, na mtu akiniuliza ile liva ya pili ni ya nini, namwambia imeharibika.